Mkuu, usiifungie sandukuni hiyo bunduki

Mkuu, nimesoma swali lako mpaka pale uliposema muuzaji amekushauri uipake mafuta bunduki ya marehemu baba mkwe wako, uirudishe kwenye sanduku lake la ngozi na usiifyatue miaka kumi ili ipande bei. Nimeshindwa kuendelea. Usifanye hivyo. Mimi nilifanya.

Mwaka 2009 nilinunua hapahapa Uingereza bunduki ya marisau, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, kazi ya Birmingham ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Haikuwa na jina kubwa. Ubavuni imechorwa jina la duka la mji mdogo tu, na mtambo wake wa kufyatulia ni ule uliobuniwa na Anson na Deeley mwaka 1875, ambao nusu ya mafundi wa Birmingham waliufuata. Lakini ilikuwa nzuri! Pale shavu linapoegemea kitako, mti ulikuwa umelainika na kung'aa kwa mashavu ya watu waliokwisha kufa zamani. Nilipiga nayo mara mbili, visahani vya udongo vya kulengea shabaha vikapasuka, nikawa na furaha ya mtoto.

Kisha bwana mmoja anayejiita mjuzi wa silaha za kale akaniambia, "Hiyo ni akiba, siyo ya kupiga." Nikamsikiliza. Nikaipaka mafuta, nikaifunga sandukuni, miaka sita.

Nilipolifungua, kitambaa cha ndani kilikuwa kimegandia mtutu. Ngozi na kitambaa vinanyonya unyevu na kuushikilia, na chuma kinalala humo. Nilipouelekeza mtutu wa kushoto dirishani na kuchungulia, niliona vishimo vya kutu kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui, shubiri moja kutoka mdomoni. Na hapo nikaongeza kosa juu ya kosa: nikampelekea fundi akaikwangua ndani mpaka ikang'aa, bila yeye wala mimi kupima unene wa chuma kwanza. Ukuta ulibaki milimita 0.4. Wengi hapa huanza kuogopa ukishuka chini ya 0.5. Kipenyo cha ndani nacho kilikuwa kimezidi kile kilichogongwa kwenye mhuri wa majaribio, ule unaothibitisha kwamba mtutu ulijaribiwa na ni salama, kwa zaidi ya robo milimita, maana yake mhuri huo haufai tena, na kwa sheria ya hapa siwezi kuiuza. Fundi mwingine alikataa hata kuipeleka ijaribiwe upya. Kuikata mitutu na kuunga mipya kungenigharimu kuliko nilivyoinunua.

Vishimo vile vya mwanzo huenda visingeidhuru kabisa. Na visingekuwepo kama ningekuwa napiga nayo kila mwezi na kuifuta kila nikirudi! Yule bwana hajawahi kuniomba radhi. Anawaambia wengine maneno yaleyale, na ndiyo maana nakuandikia usiku huu badala ya kulala.

Kwa hiyo piga nayo. Kabla ya risasi ya kwanza, mpe fundi mwenye kipimo cha ukuta apime mitutu yote miwili kwa urefu wake wote, na akuandikie namba. Tazama chini ya mitutu kama kuna taji na herufi NP, au BNP ikiwa ilijaribiwa baada ya 1954. Hiyo ndiyo alama ya Birmingham, kuanzia 1904, kwamba ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa. Isipokuwepo, usiipige mpaka ijaribiwe. Chemba, yaani pale risasi inapokaa ndani ya mtutu, ikiwa ya milimita 65, nunua risasi za 65. Ya 70 itaingia bila shida kwa sababu mdomo wake umekunjwa, lakini ganda likifunguka linaziba njia na mgandamizo unapanda.

Ukirudi, jioni hiyohiyo pitisha kitambaa mpaka kitoke cheupe, mafuta tone tu, na uisimamishe mdomo chini, ili mafuta yasiteremke kwenye mti wa kitako na kuuozesha. Iache kwenye kabati la chuma la silaha, siyo sandukuni. Ukikaa bila kupiga, itoe kila wiki mbili uifute, uikunje, uiweke begani.

Leo kabla hujalala, fungua hilo sanduku. Bonyeza kitambaa kwa kidole, kinuse. Kikiwa na harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu, itoe bunduki hapohapo, uitazame ndani kwa mwanga wa taa, uniambie umeona nini.