Kipanya kinachoruka na kibodi inayomeza herufi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha duka la kuchapa kazi hapa Wandegeya, Kampala, na kompyuta ya mapajani ninayoitegemea inatumia Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Kibodi na kipanya changu visivyo na waya vinatumia kipokezi kimoja cha USB. Wanafunzi wanapoleta tasnifu zao nami nikaanza kunakili mafaili kwenye diski ya nje, kipanya hurukaruka na kibodi humeza herufi. Aidha, nikipumzika kidogo bila kugusa chochote, mbofyo wa kwanza hauitikiwi. Ili betri idumu umeme ukikatika, niliweka PowerTOP, programu ya kubana matumizi ya umeme, ijiendeshe kila kompyuta inapowaka. Betri za vifaa nimezibadilisha bila mafanikio. Je, ninunue vingine?

JIBU: Usinunue kwanza, ndugu yetu. Barua yako inataja hitilafu mbili zenye asili tofauti, na umefanya vyema kueleza kila moja hutokea wakati gani, kwa kuwa hapo ndipo jibu lilipo.

Kipanya kuruka wakati wa kunakili ni suala la redio, wala si la Linux. Kipokezi chako huwasiliana na vifaa vyake katika masafa ya gigahezi 2.4, nayo USB 3.0, inayosafirisha data kwa kasi ya hadi gigabiti 5 kwa sekunde, hutoa kelele ya redio inayoangukia katika masafa hayohayo, kama kampuni ya Intel ilivyoeleza kwenye waraka wake wa mwaka 2012. Kelele hiyo huvuja kutoka kwenye diski, waya wake na hata tundu lenyewe, hivyo kipokezi kilichochomekwa ubavuni mwa diski hakimsikii vizuri mwenzake aliye mezani. Tafuta kebo ya kurefusha USB, hata ya mita moja, ukilaze kipokezi karibu na kibodi, mbali na diski. Kompyuta ikiwa na tundu la USB 2.0 upande wa pili, litumie hilo; matundu ya 3.0 mara nyingi huwa ya buluu, ingawa si watengenezaji wote wanaofuata rangi.

Mbofyo unaopotea, kwa maoni yangu, unatokana na PowerTOP. Ikiendeshwa kwa --auto-tune, yaani ikiachiwa ibane umeme yenyewe, huruhusu Linux kukizimisha kwa muda kipokezi kinapokaa kimya, na mbofyo wa kwanza huishia katika kukiamsha. Ifungue kwa kuandika «sudo powertop» kwenye dirisha la amri (Terminal), nenda sehemu ya Tunables, tafuta mstari wa kipokezi, kisha ubonyeze Enter hadi Good igeuke kuwa Bad. Neno hilo lisikutishe: maana yake ni kwamba hapo umeme haubanwi, basi. Hata hivyo badiliko hilo halidumu kompyuta ikizimwa, kwa hiyo ni afadhali uiondoe amri ya --auto-tune na kuweka TLP, programu nyingine ya kubana umeme, ambayo kwa mpangilio wake wa kawaida huacha kibodi na vipanya vikiwa macho huku ikiendelea kutunza betri.

Ukishafanya yote mawili, chomoa diski ujaribu tena. Kipanya kikiendelea kuruka, kijaribu kwenye kompyuta nyingine, na kikiruka huko pia, hapo ndipo ununue kingine.