Unataka kutafuta sayari kubwa za baridi? Anza na vipimo vya wenzako

Wadogo zangu mnaosoma fizikia pale Mlimani na mnaulizia mradi wa sayari za nyota nyingine, kukosa darubini kusiwatie hofu. Anga la Dar lina taa na mawingu yake, lakini hata lingekuwa safi, sayari kubwa za baridi, yaani zilizo mbali na nyota zao, hazipatikani kwa kukesha usiku mmoja. Mnahitaji kompyuta ya kawaida, Python (lugha ya kuandikia programu), na bando dogo tu, maana majedwali yenyewe ni mepesi kuliko video moja ya WhatsApp. Vipimo vya miaka mingi vya kasi ya nyota, ambazo huyumbishwa na sayari zao, viko wazi kwenye hifadhi ya NASA na ile ya Geneva.

Ugumu uko kwenye muda. Sayari 51 Pegasi b, waliyoitangaza Michel Mayor na Didier Queloz mwaka 1995, huizunguka nyota yake kwa siku 4.2, wiki moja inatosha kuona mzunguko mzima. Mshtarii (Jupita) huchukua karibu miaka 12. Huliyumbisha Jua kwa mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa, mwendo wa daladala Barabara ya Bagamoyo siku isiyo na foleni. Spektrografu za leo (vyombo vinavyochambua mwanga wa nyota) zinapima mwendo huo bila taabu, ila nani atakaa miaka 12? Kusubiri sayari ya namna hiyo ipite mbele ya nyota yake ndiyo kabisa: uwezekano ni kama mmoja kwa elfu.

Kwa hiyo utarithi vipimo vya watu na vyombo tofauti, na hapo ndipo wengi huteleza. Ukifungua jedwali utakuta safu ya tarehe, ya kasi, ya kosa la kipimo, na pembeni jina la chombo. Hiyo ya pembeni ndiyo watu huiruka. Chora kila chombo kwa rangi yake. Spektrografu ya HARPS, iliyoko La Silla nchini Chile, ilibadilishiwa nyuzi za kupitisha mwanga mwaka 2015, na vipimo vya kabla na baada ya hapo haviko kwenye sifuri moja. Ukiviunga hivihivi, programu itakuletea sayari nzuri ajabu ambayo haipo. Vihesabu kama vyombo viwili.

Kisha ishuku nyota yenyewe. Madoa ya Jua huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, pua na mdomo na miaka ya Mshtarii, na nyota nyingine nazo zina mizunguko kama hiyo. Weka mchoro wa mng'ao wa kalsiamu (kipimo cha shughuli za sumaku za nyota) chini ya mchoro wa kasi, kwa tarehe zilezile. Vikipanda na kushuka pamoja, usimpigie simu msimamizi wako kwanza. Mimi makala inayotangaza sayari ya miaka kumi bila mchoro huo huwa naiweka kando.

Mzunguko usiokamilika nao hudanganya hata mabingwa. Kwa Epsilon Indi, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 12 hivi, hesabu za awali zilitoa sayari yenye tungamo kama mara 3 ya Mshtarii. Picha za darubini ya James Webb zilizotangazwa mwaka 2024 ziliikuta mahali tofauti na palipotabiriwa, ikiwa na tungamo la mara 6 hivi na nyuzi joto karibu 2 za Selsiasi. Vipimo vya kasi vilikuwa vimefunika kipande tu cha safari yake. (Nyota hiyo ni hafifu, lakini ukitoka nje ya jiji usiku wa giza unaweza kuiona kwa macho upande wa kusini.)

Zoezi la kwanza ninalompa kila anayeanza ni nyota HD 154345. Sayari yake inakaribia tungamo la Mshtarii na huzunguka kwa miaka 9 hivi. Ficha nusu ya mwisho ya vipimo, tafuta sayari kwa RadVel (programu ya Python ya kazi hii), andika muda wa mzunguko na tungamo ulivyopata. Rudisha mwaka mmoja mmoja uone majibu yanavyohama. Halafu chora ule mng'ao wa kalsiamu, kwa sababu nyota hii ina mzunguko wa sumaku unaokaribiana sana na wa sayari yake, na tukikutana nitakuuliza umevitenganishaje.