Barua kwa mwanangu: nani aliwapa ruhusa?

Mwanangu, shikamoo yako imefika, marahaba baba. Meseji yako niliisoma juzi nikaona hii siwezi kuijibu kwa kidole kimoja kwenye simu, nimekaa kwenye kompyuta ya dada yako, vumilia urefu wake maana mwalimu wa historia hata akistaafu mdomo wake haustaafu.

Umesema unajisomea yale maswali ya uraia wa Marekani, ukafika kwenye lile la katiba yao iliandikwa lini, 1787, ukalikariri, halafu ukaanza kujiuliza hao wanaume waliojifungia Philadelphia nani aliwapa ruhusa ya kuandika katiba ya nchi nzima, mbona hakuna mwananchi aliyewapigia kura kwa kazi hiyo.

Hakuna aliyewapa. Ruhusa waliyokuwa nayo ilikuwa ya kazi nyingine, hii ya katiba mpya waliiomba baadae kazi ikiwa imeshaisha, na mimi naona utamu wote wa hiyo historia uko hapo kwenye kuomba.

Nchi ilikuwa inaendeshwa na Mkataba wa Shirikisho, ulioanza kazi rasmi 1781 vita ya uhuru na Mwingereza bado haijaisha. Majimbo 13, kila jimbo kura moja kwenye Kongresi, yaani bunge lao la taifa, Virginia na ukubwa wake wote kura moja, Delaware kura moja. Hakuna rais wa kuongoza serikali, hakuna mahakama za taifa, na baya zaidi Kongresi haina uwezo wa kutoza kodi, inaomba michango majimboni na majimbo yanatoa yakijisikia. Askari waliopigana wanadai, Wafaransa wanadai, Waholanzi wanadai. Wakajaribu kupitisha ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia kutoka nje, lakini kuubadili ule mkataba kulitaka majimbo yote 13 yakubali, Rhode Island, kajimbo kadogo kuliko yote, kakasema hapana, ushuru ukafa hapo hapo. Chama cha kuzikana chenye sharti la namna hiyo hata sanda kisingenunua.

Halafu 1786 wakulima wa magharibi mwa Massachusetts wakachachamaa, wengi wao walikuwa askari wa vita ileile, jimbo linataka kodi ilipwe kwa fedha taslimu ambazo hawana, mahakama zinawachukulia mali kwa madeni, basi wakawa wanakwenda kwa makundi wanazifunga mahakama kwa nguvu, mmoja wa viongozi wao ni Daniel Shays aliyekuwa kapteni vitani. Kongresi haina jeshi la maana, ikabidi matajiri wa Boston wachange hela za kulipa askari wa kwenda kuzima. Wenye mali nchi nzima waliogopa kweli kweli. Tusidanganyane, hofu hiyo ndiyo iliyowapeleka wengi Philadelphia, sio mapenzi ya demokrasia peke yake.

Sasa ndo tuje kwenye ruhusa yenyewe. Februari 1787 Kongresi ilikubali mkutano ufanyike, ikaandika wazi kabisa kwamba ni wa kuurekebisha ule mkataba tu. Wajumbe waliteuliwa na majimbo yao, kwa jumla walifika 55, Rhode Island haikutuma mtu. Wakaanza Mei 25, George Washington, jenerali wa ile vita, ndiye mwenyekiti, wakakubaliana ya mle ndani yasitoke nje, na siku chache tu baadae Edmund Randolph wa Virginia akasimama na mpango ambao mpishi wake mkuu ni mjumbe mwenzake wa Virginia, James Madison, serikali mpya kabisa, ina bunge lake, mtendaji wake, majaji wake. Yaani kurekebisha kumeisha hapo, watu wanajenga. Wajumbe wawili wa New York, Yates na Lansing, wakaondoka Julai wakisema hili silo tulilotumwa. Kwa hiyo baba swali lako lilishaulizwa mle mle ndani.

Yale mapatano yao utayasoma mwenyewe, bunge likawa na mabaraza mawili, majimbo madogo yakapata viti sawa kwenye moja, Seneti, makubwa yakapata baraza la wawakilishi linalokwenda kwa idadi ya watu. Ila hili usilipite haraka, kwenye kuhesabu hiyo idadi walikubaliana watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, maana yake watu wasio na kura wala ruhusa ya kutoka shambani wakawa wanawaongezea viti bungeni mabwana waliowafunga. Na biashara ya kuleta watumwa ikalindwa isipigwe marufuku na Kongresi mpaka 1808. Waliosaini Septemba 17 ni 39.

Katika kifungu cha mwisho wakaandika kwamba majimbo tisa yakiridhia, katiba inaanza kazi kwa hayo tisa. Sharti la wote 13 wakaliruka. Na kuridhia kusifanywe na mabunge ya majimbo, kufanywe na mikutano maalum ambayo wajumbe wake wanachaguliwa na wananchi kwa kazi hiyo moja tu. Wengine wanasema ulikuwa ujanja wa kuwakwepa wabunge ambao wangepoteza madaraka, na ujanja ulikuwepo, sikatai, lakini wazo lenyewe lilikuwa na mizizi. Mwaka 1776 kamji ka Concord kule Massachusetts wananchi walikaa mkutano wao wakasema bunge halifai kutunga katiba, kwa sababu katiba ni ya kumlinda raia dhidi ya watawala, sasa bunge likiitunga lenyewe litaibadilisha lenyewe siku likitaka. Bunge halikusikia, likatunga, miji ikaikataa 1778 kwa kura nyingi sana. Ndo wakachagua mkutano maalum, rasimu nyingi akaandika John Adams, ikarudi mijini watu wakaijadili kifungu kwa kifungu, ikapita 1780. Mimi nikiulizwa msingi wa demokrasia yao uko wapi naonyesha kule kwenye vikao vya miji kabla sijaonyesha Philadelphia. (Na unakumbuka sisi 2014 pale Dodoma, Bunge Maalum la Katiba limejaa wabunge walewale na wawakilishi walewale wa Zanzibar, ukiongeza 201 walioteuliwa na rais, wananchi wakaahidiwa kura ya maoni Aprili 2015 na mpaka leo kimya. Watu wa Concord wangekuwa na la kusema.)

Usidhani kuomba kwenyewe kulikuwa kwa ustaarabu lakini. Pale pale Philadelphia bunge la Pennsylvania lilitaka kuitisha uchaguzi wa mkutano haraka haraka kabla watu hawajaisoma hiyo katiba vizuri, wapinzani wakasusa kikao ili akidi isitimie, wapo 44, wanatakiwa 46. Kundi la watu likaenda walikopanga wabunge wawili, likawakokota mpaka bungeni, wakakalishwa kwa nguvu, mmoja akawa anataka kutoka wakamzibia mlango. Akidi imetimia! Kura ikapigwa. Demokrasia hiyo mwanangu.

Virginia Juni 1788 ndo kulikuwa na mjadala wa maana. Patrick Henry, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo, alisimama akauliza hao wajumbe walipata wapi haki ya kuanza na maneno "Sisi, wananchi" badala ya sisi, majimbo, nani aliwatuma waseme hivyo. Umeona, umeuliza swali la Patrick Henry bila kujua, nimefurahi sana. Jibu la upande wa Madison lilikuwa kwamba ile rasimu ni pendekezo tu, karatasi isiyo na nguvu yoyote mpaka wananchi kupitia mikutano yao waipe. Mimi jibu hilo nalikubali nusu. Nalikubali kwa sababu kura zilikuwa za kweli, katiba ingeweza kushindwa, Virginia ilipita 89 kwa 79, New York 30 kwa 27, North Carolina ikagoma raundi ya kwanza, Rhode Island wakapiga kura ya wananchi kabisa zaidi ya 2,700 wakasema hapana na waliosema ndiyo hawakufika 250. Washington ameapishwa kuwa rais Aprili 1789 Rhode Island bado haimo, imeingia Mei 1790 kwa 34 dhidi ya 32 baada ya kutishiwa kufungiwa biashara. Nusu nyingine silikubali kwa sababu hao wananchi ni akina nani? Sehemu nyingi ni wanaume weupe wenye mali. Angalau New York waliruhusu wanaume wote huru kuchagua wajumbe wa mkutano ule, wanawake hapana, watumwa hapana, wenyeji wa asili wa nchi hiyo hapana.

Ila maneno yakishaandikwa kuna watu wanayachukua hata kama hawakuandikiwa wao. Mwaka 1781, katiba ya Massachusetts ina mwaka mmoja tu, mama mmoja mtumwa pale Sheffield aliyekuwa akiitwa Bett alikwenda kwa wakili akamwambia karatasi yenu inasema watu wote wamezaliwa huru na sawa, na mimi je? Wakaenda mahakamani wakashinda, akajipa jina Elizabeth Freeman. Sensa ya 1790 Massachusetts haikuandika mtumwa hata mmoja. Nakwambia nikifundisha hiyo darasa zima lilikuwa linanyamaza.

Na waliokataa katiba usiwaone wameshindwa bure. Massachusetts ilipita 187 kwa 168 tu, tena kwa sababu waliwaahidi wenye mashaka kwamba orodha ya mapendekezo ya marekebisho itaambatanishwa. Madison mwenyewe mwanzo aliona orodha ya haki za raia haina kazi, akaja kugombea ubunge dhidi ya James Monroe, aliyekuwa ameipinga katiba, akaona wapiga kura wana wasiwasi, akaahidi kuileta, akaileta Juni 1789. Kwa hiyo uhuru wa dini na wa kusema ambao utaulizwa kwenye intavyuu umetokana na kelele za wapinzani. Kongresi ilipeleka majimboni marekebisho 12, yakapita 10 mwaka 1791, na mojawapo ya yale mawili yaliyobaki, la kuwazuia wabunge kujiongezea mshahara kabla ya uchaguzi kupita, lilikaa miaka 200 na ushee likaja kuridhiwa 1992, ndilo la 27. Wakikuuliza yako mangapi sema 27 usichanganye.

Baba yako anakusalimia, anauliza zile dawa za presha ulizosema utatuma na mtu. Na niambie tarehe kamili ya intavyuu nisije nikakupigia ukiwa ndani.

Mama