Kihisi, kitambuzi au sensa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasoma uhandisi, mwaka wa nne, hapa Mbeya. Kikundi chetu kinatafiti polima (kitu chenye molekuli ndefu kama nyuzi) iitwayo PVDF, utando mwembamba unaotoa umeme ukibonyezwa. Tunataka kuuweka ndani ya soli ya kiatu kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari ambao nyayo zao zimeingia ganzi. Kwenye bango la maonesho tuliandika "Sensa ya polima katika soli". Mama mmoja akasoma, akauliza, "Kwa hiyo mnahesabu viatu?" Mwenzangu anataka tuandike kitambuzi, msimamizi wetu anapendelea kipimio, nami nimezoea kuona kihisi kwenye simu. Lipi ni sahihi? Halafu, ni tabia za polima au sifa za polima? Na wingi wake ni mapolima?

Jibu: Marahaba, na hongereni kwa kazi. Yule mama alisoma sawasawa kile mlichoandika. Kwa kila aliyemfungulia karani mlango Agosti 2022, sensa ni neno ambalo tayari lina maana yake: ni ile kazi ya kuhesabu watu na makazi iliyotupa idadi ya 61,741,120. Mlipoliazima neno hilohilo kuitia jina soli yenu, mlimpa msomaji kazi ya kulisahau kwanza analolijua.

Utaniambia kwamba Kiswahili kimejaa maneno pacha. Ni kweli. Tuna kaa la moto na kaa wa baharini, paa la nyumba na paa wa porini. Lakini tazama kinachomwokoa msikilizaji hapo: ngeli. Kaa la na kaa wa havichanganyiki hata gizani. Sensa ya kuhesabu na sensa ya kifaa zote ni sensa hii, sensa hizi, sensa ya. Tena zinakaa mtaa mmoja, kwa sababu zote ni mambo ya utafiti, takwimu na kukusanya taarifa. Mtu akiandika "sensa ya mifugo", utajuaje kama anazungumzia kuhesabu ng'ombe au kidude kinachofungwa shingoni kufuatilia joto lao? Hutajua. Ndiyo maana nalikataa neno hili kwa maana ya kifaa, ingawa nalisikia kila siku kwa mafundi wa magari, na wao katika gereji yao wanaelewana vizuri tu.

Kihisi ndilo jibu langu. Nitaeleza kwa nini, maana sipendi kumwachia mtu neno bila sababu yake.

Tuanze na umbo. Hisi ni kitenzi kilichotufikia kutoka Kiarabu kikiwa na irabu -i mwishoni, hivyo ukikitia kiambishi ki- unapata kihisi bila kubadilisha chochote. Wapo wanaosema kihisishi. Hilo liacheni, lina kazi nyingine darasani: katika sarufi, vihisishi ni lo!, ala!, ebo! na wenzake. Kihisio nalo lina kasoro ndogo ambayo sikio langu haliipendi. Vifaa vya -io mara nyingi vinangoja mkono wa mtu: kichujio, mtu huchujia; kifutio, mtu hufutia. Hapo mfanyaji ni mtu na kifaa kinamsaidia. Lakini kipaza sauti kinapaza chenyewe, kinasa sauti kinanasa chenyewe. Utando wenu umo ndani ya kiatu, hakuna anayeushika, na kazi unaifanya wenyewe. Kwa hiyo kihisi. Na hoja hiyohiyo inanifanya nisite mbele ya kipimio cha msimamizi wenu.

Kipimio kina tatizo kubwa zaidi, na hili ni la kihandisi. Jiwe ukiliweka juu ya mizani, mizani inasema kilo mbili, na ukirudi kesho itasema kilo mbili. Hicho ndicho kupima. Utando wa PVDF haufanyi hivyo. Ukiukandamiza kwa jiwe hilohilo unatoa chaji, volti inapanda ghafla. Ukiendelea kuukandamiza vilevile, chaji inavuja kupitia kwenye saketi na volti inashuka mpaka sifuri, ilhali jiwe bado liko pale pale. Ukiliondoa, volti inaruka tena, safari hii upande wa pili. Kifaa hicho kinaona mabadiliko tu, utulivu hakiuoni. Jaribu mwenyewe: vaa saa ya mkononi asubuhi. Unaihisi. Baada ya dakika chache huikumbuki saa wala mkono ulioivaa, mpaka utakapoivua. Ngozi yako nayo hushtuliwa zaidi na mabadiliko. Sijui kitenzi cha Kiswahili kinachoubeba mwendo huo vizuri kuliko hisi. Na kwa kuwa kinyume chake ni ganzi, bango lenu linapata jozi ya maneno ambayo mgonjwa wa kisukari anaijua kwa mwili wake: mguu wenye ganzi, kiatu chenye kihisi.

Kitambuzi si neno baya, ila linataja hatua nyingine. Kutambua kunataka kumbukumbu. Nikisema "nimekutambua", maana yake nilikuwa nakujua. Utando wenu haujui kitu, unashtuka tu. Ikiwa mnayo programu inayopokea volti zile, ikazilinganisha na hatua za mtu mzima wa afya, kisha ikaonya kwamba kisigino kinabeba mzigo kupita kiasi, programu hiyo inatambua. Hata kwenye simu ni hivyo: kihisi kinasoma mistari ya kidole, halafu simu ndiyo inayotambua kuwa kidole ni chako. Mkiyatenganisha maneno haya mawili, bango litakuwa limeeleza mfumo mzima kwa maneno mawili.

Kuna pingamizi moja nimelisikia mara nyingi na nalichukulia kwa uzito. Siku hizi "nahisi" imekuwa sawa na "nadhani": nahisi mvua itanyesha, nahisi ameshaondoka. Watu wanaogopa kwamba kihisi kitaonekana kifaa cha kubahatisha. Mimi naona maana hiyo ni tawi tu, shina lingali hai. Tunasema milango ya hisi, na daktari anapomgusa mgonjwa kwa pamba kwenye unyayo huuliza, "Unahisi?" Hamwulizi anadhani nini.

Sasa tabia na sifa. Yote mawili ni sahihi, ila hayaelekezi mahali pamoja, na mwandishi wa sayansi asiyatumie kwa zamu kana kwamba anakwepa kurudia neno. Sifa ni kile kitu kilicho nacho: PVDF huyeyuka kwenye nyuzi joto 170 hivi za Selsiasi, ni nyepesi, inapindika. Tabia ni jinsi kitu kinavyojibu kikitendewa, na kinavyojibu hivyo tena na tena. Kuna na mwenendo, ambao nautenga kwa mambo yanayobadilika kadiri muda unavyopita. Polima zina mwenendo zaidi kuliko chuma au kioo, kwa sababu molekuli zake ni nyuzi ndefu mno zilizotatana, na kutatuka kwake kunachukua muda.

Na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo wahandisi wetu wengi wanapoomba nomino za kuazima huku vitenzi vipo nyumbani vinawangoja. Chukua ndala iliyovaliwa mwaka mzima. Igeuze, tazama kisigino: kimebonyea, na hata ukiiacha uvunguni mwezi mzima hakirudi. Ubao wa daraja la mtaroni ukipita juu yake unanesa, yaani unashuka na kurudi. Kitanda cha kamba kilicholaliwa miaka kinanepa: mzigo ni uleule, lakini kila mwaka kinashuka kidogo zaidi. Mpira wa kufungia mzigo kwenye keria ya baiskeli, ulioukaza asubuhi, jioni umelegea ingawa urefu wake haukubadilika. Kunesa, kunepa, kulegea, kubonyea. Katika maabara hizo ni tabia nne tofauti, kila moja na jaribio lake na mchoro wake, na mtu ambaye hajasoma fizikia anazitofautisha kwa vitenzi vyake vya kila siku. Kunepa ni mzigo kubaki uleule huku umbo likiendelea kubadilika. Kulegea ni umbo kubaki lilelile huku mkazo ukipungua. Andikeni hivyo: "kunepa kwa polima chini ya uzito wa mwili". Msomaji ataelewa kabla hamjamwonyesha mchoro.

Polima kujibu kwa namna isiyotarajiwa si habari mpya. Mwaka 1805 ilichapishwa taarifa ya John Gough, Mwingereza aliyekuwa kipofu tangu utotoni. Alichukua kipande cha mpira, akakigusisha midomoni, akakivuta ghafla. Kikapata joto. Akakiachia, kikapoa. Fanya hivyo leo kwa mpira wa kufungia noti, utahisi. Hakuwa na kipimajoto kilichounganishwa na waya. Kihisi chake kilikuwa midomo yake.

Tabia ina njeo yake pia. Katika ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti wenu, uliyoniambatishia umeandika "utando unatoa chaji", "utando ulitoa chaji" na "utando hutoa chaji" katika aya moja, zote kwa jambo lilelile. Hu- iwekeni kwa tabia: utando wa PVDF hutoa chaji ukikunjwa. -li- iwekeni kwa mliyoyaona nyinyi: sampuli ya tatu ilitoa volti ndogo kuliko mbili za kwanza. Msomaji makini atajua papo hapo lipi ni la polima yoyote ya aina hiyo na lipi ni la meza yenu. Kumbuka tu kwamba hu- haina ukanushi wake. Ukikanusha unasema haitoi au hautoi, kulingana na ngeli.

Wingi: andika polima hii, polima hizi. Mapolima halinivutii, linapata uzito bila kupata maana. Na msiitafsiri kuwa plastiki. Kila plastiki ina polima ndani yake, lakini polima si plastiki pekee. Mpira wa mti ni polima. Wanga wa sima yako ya mchana ni polima, na nyuzi za mkonge wa Tanga vilevile. Sandarusi, ule utomvu mgumu ambao wazee wa Mrima, pwani inayoelekeana na Zanzibar, waliufukua ardhini na kuuza Zanzibar ukaenda kutengenezea vanishi ng'ambo, ugumu wake unatokana na molekuli kuungana zikawa nyuzi ndefu. Neno polima lenyewe limeundwa kwa Kigiriki, maana yake ni sehemu nyingi. Hermann Staudinger, Mjerumani, alipoeleza mwaka 1920 kwamba vitu hivi ni molekuli ndefu kwelikweli, wakemia wengi wakubwa walimpinga. Tuzo ya Nobel aliipata 1953. Neno lililopiganiwa miaka yote hiyo tulichukue kama lilivyo, tulivalishe irabu zetu, basi.

Msikimbilie pia kuandika kwamba mmegundua au mmevumbua. Kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zikibanwa walilionyesha ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880. Kwamba PVDF iliyovutwa na kuwekwa kwenye uga mkali wa umeme hufanya hivyo kwa nguvu kuliko polima nyingine zilizojulikana, alilionyesha Mjapani Heiji Kawai mwaka 1969. Nyinyi mmebuni matumizi katika soli. Kubuni ni kitenzi cha heshima kabisa.

Bango lenu ningeliandika hivi:

"Kihisi cha polima katika soli ya kiatu. Mguu ulioingia ganzi hausikii pale unapoumizwa. Tumebuni soli yenye utando mwembamba wa polima, ambao hutoa chaji ya umeme kila mgandamizo wa unyayo unapobadilika. Vihisi vinne vimewekwa chini ya kisigino, kando ya unyayo, chini ya kifundo cha dole gumba na chini ya vidole. Programu hupokea ishara zake na kutambua hatua zinazolemea sehemu moja. Tulichunguza pia jinsi utando unavyonepa na kulegea baada ya kutembelewa kwa muda mrefu."

Idadi ya vihisi na mahali pake nimevikisia, wekeni vyenu. Nimeandika "kihisi cha" na "vihisi vinne", wala si "kihisi ya", maana bangoni kosa la upatanisho linasomwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Herufi PVDF nimeziacha nje makusudi. Ziwekeni kwenye kijitabu cha maelezo, na mara ya kwanza liandikeni jina zima, polivinilideni floraidi, ili anayetaka kulitafuta alipate. Yule mama akirudi, mpeni soli aibonyeze kwa kidole gumba mwenyewe, aone mstari unavyoruka kwenye skrini, kisha mumwulize yeye angekiita nini.