Kwa nini modeli ya rezini huuzwa ghali kuliko ya plastiki

Mkuu, umeuliza iweje modeli ya kifaru cha vita ya rezini yenye vipande vichache iuzwe ghali kuliko ya plastiki yenye vipande mia mbili, na wewe unataka kutoa sanamu 300 za askari. Mimi namimina rezini, yaani plastiki ya maji inayoganda ikichanganywa, nitakujibu nikiwa upande huo.

Malighafi iweke pembeni. Punje za polistireni, plastiki ya modeli hizo, ni rahisi, na fremu moja ya vipande ina uzito wa gramu tu. Hela ya plastiki imelala kwenye kalibu, yaani umbo la kuundia vipande: chuma kinachongwa kwa mashine ya kompyuta, sehemu finyu zinachimbwa kwa cheche za umeme, kisha fundi anang'arisha. Tuseme kalibu imekula 30,000, sarafu uipendayo. Ukiuza boksi 1,000, kila moja imebeba 30 kabla hujalipia hata karatasi ya maelekezo. Ukiuza 30,000, imebeba 1. Ndiyo maana kalibu za zamani hurudishwa sokoni ndani ya boksi jipya. Gharama yake ilishalipwa kitambo.

Kwetu mambo ni kinyume. Kalibu ya silikoni, aina ya mpira laini, naitengeneza mezani, ila haina maisha: ikimiminwa mara 20 hadi 50 hivi inaanza kukakamaa na kuchanika, na mara nyingi panaanza pale penye mtutu wa bunduki. Unatengeneza nyingine, na silikoni nzuri si bei ya mchezo. Halafu kazi yenyewe: unapima sehemu mbili za rezini, unachanganya, una dakika chache kabla haijashika, unamimina, unafungia kwenye chungu cha presha ili viputo vibanwe, unasubiri, unatoa, unakagua. Kiputo kikikaa puani, askari huyo anatupwa. Nakala ya 500 inanitoa jasho lilelile la nakala ya kwanza.

Tunachowazidi watu wa plastiki ni kwamba silikoni inapinda. Mkunjo wa koti unaoingia ndani unatoka salama, wakati kalibu ya chuma kwa kawaida inafunguka moja kwa moja, hivyo mtu wa plastiki mara nyingi analazimika kuligawa koti vipande viwili.

Printa ya 3D ya rezini nayo inakuondolea silikoni, lakini kuosha, kukata nguzo zinazoshikilia sanamu wakati wa kuchapa na kukausha kwa mwanga bado ni mikono yako.

Kwa sanamu 300, kalibu ya chuma usiiguse. Ya alumini huchongeka kwa urahisi zaidi, lakini kwa idadi hiyo nayo hairudishi hela. Mimina, na kwenye bei uhesabu saa zako pamoja na zile zitakazoharibika.