iPhone ya Marekani, kujua kama imelokiwa mtandao
Boss usitegemee kupiga *#06#, hiyo inakupa IMEI tu (namba ya utambulisho wa simu), haikwambii kama simu imelokiwa itumie mtandao mmoja tu. Ingia Settings, General, About, shuka mpaka Carrier Lock, ikiandika No SIM restrictions iko huru inakubali laini ya mtandao wowote, hiyo ipo kuanzia iOS 14 (toleo la mfumo wa iPhone). Mi nanunua simu used na kuuza, kabla sijatoa hela, kama simu ina kitrei cha laini lazima nikivute nacho maana kuna zinazowekewa kachipu kembamba chini ya laini, mtandao inashika vizuri tu kumbe bado imelokiwa, ukikaona hako achana nayo kabisa. Lock ya iCloud (akaunti ya Apple ya mwenye simu) ni kesi nyingine, mwenye simu atoe akaunti yake mbele yako.