Maji Kichwani: Mrija Hurejesha Nini, na Nini Hakirudi?

SWALI: Assalaamu alaykum daktari. Mtoto wa mdogo wangu ana miezi minane. Alizaliwa salama, lakini aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga, na baadaye kichwa kikaanza kukua kupita kiasi. Tulikawia kumvusha Unguja. Sasa ameshawekewa mrija wa kutoa maji, kichwa kimetulia, na picha inaonesha ubongo umeongezeka unene, lakini bado hakai kitako na miguu yake ni mikakamavu. Yale maji yalimharibu nini hasa, na je, seli zilizokufa zitarudi?
*Mama mkubwa, Konde, Pemba*

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Maji hayo kila mtu anayo. Ubongo wa mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita kwa siku, ilhali yanayokuwemo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu, kwa hiyo ni lazima yapate pa kutokea muda wote. Homa ya uti wa mgongo huacha makovu yanayoziba njia zake. Maji hujaa katika vyumba vilivyo ndani ya ubongo, navyo hutanuka na kuusukuma ubongo kwenye fuvu.

Wengi hudhani kuwa ubongo huyeyuka, nami nimeshawasikia hata watu wa afya wakisema hivyo mbele ya wazazi. Sivyo. Kinachotangulia kuumia kwa kawaida si miili ya seli zilizo kwenye gamba la nje, bali ni nyuzi ndefu za seli hizo, zinazopita kandokando ya vyumba kupeleka amri mwilini na kuunganisha pande mbili za ubongo. Nyuzi hizo huvutwa, na nyingine hukatika. Mishipa midogo ya damu hubanwa, oksijeni ikapungua, na seli zinazozivika nyuzi utando wa mafuta hufa au hushindwa kuimaliza kazi yao, jambo ambalo kwa mtoto mchanga ni zito zaidi kwa sababu utando huo ndio kwanza unajengwa. Nyuzi za miguu ndizo zinazopita karibu zaidi na vyumba hivyo, na hii ni sababu mojawapo ya miguu kukakamaa na kuchelewa kuliko mikono. Shinikizo likidumu, seli za gamba nazo hunywea na baadhi yake hufa.

Seli iliyokufa na uzi uliokatika havirudi, na mrija haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Mrija huondoa shinikizo: damu hupita tena, nyuzi zilizobanwa bila ya kukatika huanza kufanya kazi, na utando uliochelewa huweza kuendelea kujengwa, ingawa si lazima ukamilike. Unene mliouona kwenye picha ni ubongo uliokuwa umebanwa ukitanuka, pamoja na ukuaji wa kawaida wa mtoto. Ni habari njema, lakini haupimi akili wala nguvu za miguu. Tena, homa yenyewe huua seli kabla hata maji hayajajaa, na hasara hiyo haiondolewi na upasuaji wa aina yoyote. Nchini Uganda, utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulilinganisha watoto wachanga 100 waliojaa maji baada ya maambukizi, wengine wakiwekewa mrija na wengine wakifunguliwa njia ya maji kwa kamera; baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili wa makundi hayo haukutofautiana kwa kiasi cha maana.

Hata hivyo, ubongo wa miezi minane bado unajenga njia mpya. Mpelekeni kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo tangu sasa, msisubiri atimize mwaka, na apimwe masikio na macho, kwani homa hiyo huweza kuondoa usikivu.

Hofu yangu kubwa ni mrija kuziba au kuingia vijidudu, jambo ambalo si nadra kwa watoto, hasa katika miaka miwili ya mwanzo, maana hapo uharibifu huanza upya. Akitapika mfululizo, akilala kupita kawaida, utosi ukivimba, macho yakielekea chini au akipata homa isiyoeleweka, mfikisheni siku hiyo hiyo hospitali iliyo karibu, mueleze mwanzo kabisa kwamba ana mrija, na muombe apewe rufaa ya haraka kwa wapasuaji wa ubongo wa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja.